Dawa za Kulegeza Msokoto wa Tumbo, kwa Watu na kwa Wanyama

Hotuba kwa Machifu, Wazee, Waalimu na Wafugaji wa Mbeya na Iringa



Leo tumekusudia kunena habari za maumivu ambayo hapana nyumba isiyoyajua, nayo ni msokoto wa tumbo. Tena habari za dawa ziyatulizayo, ambazo siku hizi hupatikana katika maduka ya dawa tangu Tukuyu hata Mafinga. Dawa hizi ni njema, wala hatukuja kuwatisha msizitumie. Lakini maumivu ni kama mlinzi apigaye kelele usiku. Mwenye nyumba akimnyamazisha mlinzi asitazame kilichomshtua, atalala vizuri, na mwizi ataendelea na kazi yake. Basi neno hili na lishikwe tangu mwanzo: kulegeza msokoto si kuponya kilichousababisha.

MSOKOTO NI NINI

Mwili wa mtu, kama ulivyo mwili wa ng'ombe na mbuzi, una misuli ya namna mbili. Namna ya kwanza hutii amri yetu, kama misuli ya mikono na miguu. Namna ya pili haingoji amri ya mtu. Imo katika kuta za tumbo na utumbo, katika kibofu cha mkojo, katika mirija ya nyongo na ya figo, na katika mji wa mimba. Misuli hii hufanya kazi usiku na mchana, ikikaza na kulegea kwa zamu, na hivyo chakula husukumwa mbele. Ikikaza kupita kiasi, au ikisukuma mahali palipozibwa, ndipo huja maumivu yale ya mawimbi: hukata, hutulia kidogo, kisha hurudi.

Na nani aiamrishaye misuli hiyo? Mwaka 1921 mtaalamu Otto Loewi, katika mji wa Graz huko Austria, alitumia mioyo ya vyura wawili kuonyesha kwamba mishipa ya fahamu hupeleka habari zake kwa njia ya maji yenye dawa ya asili ya mwili. Mwenziwe Henry Dale wa Uingereza aliichunguza dawa hiyo, iitwayo asetilikolini, na mwaka 1936 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Asetilikolini ni kama tarishi: hufika kwenye mlango wa msuli, hukabidhi barua, na msuli hukaza. Dawa nyingi za kulegeza msokoto hufanya jambo moja tu: huketi mlangoni, tarishi asipate pa kuingia. Basi msuli hulegea na maumivu hupungua.

Kwa sababu hiyo dawa hizi haziwafai wagonjwa wa pepopunda, wala watoto wenye degedege, wala mama mwenye kifafa cha mimba, ingawa hao nao hukakamaa. Kukakamaa kwao ni kwa misuli ile ya namna ya kwanza, na dawa zake ni nyingine kabisa. Kila mmoja wao ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali bila kukawia.

ASILI YA DAWA HIZI NI MMEA TUUJUAO

Wengi wenu mnaujua mnanaha. Huota penye samadi, karibu na mazizi, majalalani na katikati ya mahindi. Ua lake ni jeupe au la zambarau, refu kama tarumbeta. Tunda lake lina miiba, na ndani yake mna mbegu ndogo nyingi zilizo nyeusi au za rangi ya udongo. Ndani ya mmea huu na jamaa zake mna atropini na haiosini, ambazo ndizo mama wa dawa tunazozisema. Zamani watu wa India walivuta moshi wa majani ya jamaa za mnanaha kwa ajili ya pumu, na mwanzoni mwa karne ya 19 desturi hiyo ikaingia Uingereza, maana misuli ya mirija ya pumzi nayo hulegezwa.

Atropini ilitengwa kutoka katika mmea huko Ujerumani katika miaka ya 1830. Haiosini nayo ilifuata katika miaka ya 1880. Mwaka 1944, askari waliovuka bahari kwenda Normandy katika Vita Kuu ya Pili walipewa haiosini wasitapike kwa mawimbi, na nyingi katika hiyo ilitoka katika majani ya mti wa Australia uitwao duboisia. Kisha mwaka 1951 kampuni ya Boehringer, katika mji wa Ingelheim, Ujerumani, ilitoa haiosini iliyobadilishwa kidogo, yaani haiosini butilibromaidi. Mabadiliko hayo yalikuwa na faida kubwa, kwa kuwa dawa hiyo mpya haiingii ubongoni kwa urahisi. Hulegeza utumbo bila kumrusha mtu akili. Hiyo ndiyo ile mnayopewa mara nyingi kwa msokoto, na kidonge chake cha kawaida kina miligramu 10.

Msidhani basi kwamba kwa kuwa dawa ya dukani ni salama, na mnanaha wa zizini ni salama. Mnanaha haukubadilishwa, sumu yake huingia ubongoni. Wala hapana mtu awezaye kupima kwa macho kiasi cha sumu kilichomo, maana mmea mmoja huwa na nyingi, na jirani yake huwa na kidogo. Aliyeula hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa ya moto na kavu, moyo hupiga mbio; kisha huanza kunena maneno yasiyoeleweka na kushika vitu visivyoonekana.

Mwezi wa Machi mwaka 2019, katika nchi ya Karamoja, Uganda, watu walipewa unga wa mahindi na soya kwa msaada wa chakula. Karibu watu 300 waliugua ghafula na 5 wakafa. Wachunguzi walipoupima unga waliona ndani yake sumu za mnanaha, zile zile atropini na haiosini. Twawaomba wazee na machifu walitie jambo hili moyoni. Ikiwa watu wa nyumba moja waliokula chungu kimoja wameanza kuweweseka wote kwa pamoja, msimtafute jirani aliyewaroga. Wapelekeni hospitali, pelekeni na unga, na mtazame kama mbegu za mnanaha hazikuvunwa pamoja na maharage, soya au ulezi. Mtu asiye na hatia aweza kuangamizwa kwa sababu ya magugu yasiyong'olewa.

Na mfugaji asiseme, "Sungura wangu wameyala majani hayo wasidhurike." Baadhi ya sungura wana kitu katika damu yao kivunjacho atropini, nao huweza kula kiasi ambacho kingemwua mtu. Mwili wa sungura si kipimo cha mwili wa mtoto.

MATUMIZI KWA WATU

Mganga hutumia dawa hizi kwa msokoto wa utumbo, kwa maumivu ya mirija ya nyongo na ya figo pamoja na dawa nyingine za maumivu, na kwa kutuliza utumbo unapotazamwa kwa vyombo. Zinatumika pia kwa wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, wenye msokoto au makohozi yakoromayo. Mtu mzima anayejulikana hali yake akipewa kwa siku chache, aghalabu huona kukauka kinywa kidogo tu.

Lakini wako ambao lazima waseme hali yao kabla ya kupokea kidonge: mwenye presha ya macho, mzee ambaye tezi dume imemzuia mkojo, mwenye moyo upigao mbio, na mwenye ugonjwa wa kulegea kwa misuli. Watoto wachanga wasipewe kabisa pasipo daktari. Dawa moja ya jamii hii, disaikloverini, ilikuwa ikitolewa kwa watoto waliolia kwa tumbo. Katika miaka ya 1980 ikakatazwa kwa walio chini ya miezi 6, kwa kuwa baadhi yao walishindwa kupumua.

Tena dawa hii haitibu kuhara. Mtoto ahariye hufa kwa kupungukiwa na maji, si kwa msokoto. Dawa yake ni maji ya chumvichumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo, yaani ORS, pamoja na zinki.

Sasa twafika penye hatari kubwa. Lugha yetu hutumia neno moja kwa mambo mawili. Twasema tumbo linasokota, maana yake misuli inakaza. Lakini utumbo nao waweza kujisokota wenyewe kweli kweli, kama kamba, hata damu isipite. Ugonjwa huu wa utumbo mpana kujisokota si mgeni katika Afrika Mashariki, hasa kwa wanaume. Dalili zake ni hizi: tumbo huvimba na kukaza kama ngoma, choo hakitoki, wala upepo hautoki, mgonjwa hutapika, na maumivu yaliyokuwa ya mawimbi huwa ya daima. Hapo kidonge cha kulegeza hakifungui kitu. Humpa mgonjwa nafuu ya uongo kwa saa kadhaa, na katika saa hizo utumbo huoza. Afunguaye ni daktari wa upasuaji. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi twaongeza kwamba hata dawa huweza kuyaficha maradhi.

Kwa hiyo anayeishi mbali, kule Makete au Kilolo ambako barabara huharibika wakati wa mvua, asingoje dalili zote zitimie. Safari ya kwenda Tosamaganga, au Chimala, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ianze mchana wa siku ya kwanza, si usiku wa siku ya tatu.

Neno la uzazi nalo tusiliache. Wako watu wanaowapa wajawazito dawa hizi ili njia ifunguke upesi. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo, na majaribio kadhaa yalionyesha kwamba uchungu hufupishwa kwa muda wa saa moja hivi. Lakini ushahidi ulikuwa dhaifu, na faida kwa mama na mtoto haikuthibitika. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba zisitumiwe kwa ajili ya kuzuia uchungu kuchelewa. Mtoto aliyelala vibaya tumboni hatanyoshwa kwa kidonge. Mama ambaye uchungu wake umekawia apelekwe panapo mkunga na daktari.

MATUMIZI KWA WANYAMA

Mifugo hawana ulimi wa kusema, lakini huonyesha. Punda mwenye msokoto hugeuza shingo akatazama ubavu wake, hupiga chini kwa kwato, hulala na kuamka na kujibingirisha. Punda na farasi hawawezi kutapika, na utumbo wao ni mrefu wenye kona nyingi. Kwa hiyo msokoto wao si wa kudharauliwa. Ndama naye hupiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Bwana Mifugo huweza kuchoma sindano ya haiosini butilibromaidi, na mara nyingi huchanganywa na dawa ya maumivu iitwayo metamizoli. Mnyama akipata nafuu kisha maumivu yakarudi upesi, hiyo ni habari kubwa kwa Bwana Mifugo: yaelekea kitu kimeziba au kimejisokota. Mwambieni saa ya sindano na saa maumivu yaliporudi.

Lakini ng'ombe, mbuzi na kondoo wana jambo lao. Hao hucheua, na tumbo lao la kwanza ni kama pipa kubwa la kuchachusha majani. Pipa hilo lazima litikiswe daima na misuli yake, na gesi itoke kwa kinywa. Ng'ombe akivimba ubavu wa kushoto baada ya kula majani mabichi ya jamii ya kunde, hana msokoto, gesi imekwama. Ukimpa atropini au jamaa yake, unalaza misuli ile ile iliyobaki kumwokoa, na uvimbe huzidi. Ikiwa gesi imo katika povu, mafuta ya kula, kwa mfano ya alizeti, kadiri ya nusu lita kwa ng'ombe mkubwa, hulivunja povu. Mafuta hayo yamiminwe polepole pembeni mwa kinywa, na kichwa kisiinuliwe sana, yasije yakaingia mapafuni. Mnyama asimamishwe na kutembezwa, na Bwana Mifugo aitwe mara moja, maana ng'ombe wa namna hii huweza kufa kwa muda mfupi.

Ndama ahariye ni kama mtoto ahariye: kwanza apewe maji yenye chumvi kwa kipimo. Na ng'ombe azaaye kwa shida asipewe dawa ya kulegeza mji wa mimba na mtu asiyejua ndama amelalaje.

Rungwe, Njombe na Iringa ni nchi za maziwa, kwa hiyo neno hili lawahusu sana. Dawa iliyomo katika ng'ombe hutoka katika maziwa na hubaki katika nyama kwa siku kadhaa. Kibandiko cha chupa husema ni siku ngapi, na dawa nyingine hazikuruhusiwa kabisa kwa ng'ombe anayekamuliwa. Metamizoli ilipigwa marufuku kwa matumizi ya watu huko Sweden mwaka 1974 na Marekani mwaka 1977, kwa kuwa mara chache humaliza chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili. Basi auzaye maziwa kabla ya siku kutimia ampa mtoto wa mwenziwe dawa ambayo hakuiomba. Hasara ya ndoo chache ni ndogo kuliko kupoteza uaminifu wa wanunuzi.

DAWA ILE ILE DHIDI YA SUMU YA JOSHO

Liko tumizi moja la atropini ambalo si la msokoto wa kawaida, nalo huokoa maisha. Baadhi ya dawa za kuogeshea kupe, na baadhi ya dawa za wadudu zinyunyizwazo katika nyanya za Ilula na viazi vya Uporoto, ni za jamii ya oganofosifeti. Tulisema kwamba asetilikolini ni tarishi. Mwilini yuko na mfagizi, ambaye humwondoa tarishi mlangoni akiisha kukabidhi barua. Sumu hizi humwua mfagizi. Basi matarishi hujazana mlangoni wakipiga hodi bila kukoma: mate na machozi humwagika, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, tumbo husokota na kuhara, kifua hujaa maji, na misuli hutetemeka. Huwa hivyo kwa mtu na kwa mnyama.

Atropini huziba mlango, na kwa hiyo hukausha kifua na kumpa mgonjwa pumzi. Kazi hiyo ni ya hospitali au ya Bwana Mifugo, maana sindano hurudiwa na kupimwa kwa kutazama pumzi na moyo. Ninyi kazi yenu ni kumtoa mgonjwa penye sumu, kumvua nguo, kumwosha kwa maji mengi na sabuni huku mwoshaji amevaa glavu za mpira, kutomtapisha, na kwenda naye upesi pamoja na kibandiko cha chupa. Kibandiko ni lazima, kwa kuwa dawa nyingine za kupe, kama amitrazi, hazitibiwi kwa njia hii. Na mtu asije akasema, "Mnanaha una atropini, basi nitamnywesha." Atakuwa amemwongezea sumu ya pili juu ya ya kwanza.

MASHAURI YETU

Ili waalimu wapate kuyaandika ubaoni, twayafupisha hivi:

1. Kabla ya kumeza dawa ya msokoto, jiulize: choo chatoka? Upepo watoka? Tumbo limevimba? Kuna homa, damu au kutapika? Ikiwa mojawapo ni baya, nenda hospitali kwanza.

2. Maumivu yasiyokwisha, au yarudiayo baada ya dawa, si ya kuongezewa vidonge bali ya kuchunguzwa.

3. Dawa ya watu isitiwe mnyama kwa kukisia, wala dawa ya mnyama isitiwe mtu. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeweka Baraza la kuwasimamia waganga wa wanyama, muulizeni aliyesajiliwa.

4. Ng'ombe aliyevimba ubavu wa kushoto asipewe dawa ya kulegeza.

5. Shikeni siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa na nyama.

6. Wanafunzi wafundishwe kuutambua mnanaha. Ung'olewe kabla haujazaa, hasa katika maharage, soya na ulezi.

7. Chupa za dawa za josho zisitumiwe kwa maji, mafuta wala pombe.

Machifu na wazee, ninyi ndio mnaoitwa usiku mtu anapolia kwa tumbo, na neno lenu ndilo huamua kama mgonjwa atalala nyumbani au atapelekwa. Waalimu, ninyi ndio mtakaosoma kibandiko kwa ajili ya asiyejua kusoma. Dawa tuliyoisema imetoka katika gugu la jalalani, ikapimwa, ikasafishwa, ikawa msaada kwa watu na kwa mifugo. Kilichoigeuza kutoka sumu kuwa dawa ni kipimo na maarifa tu. Basi nasi tuitumie kwa kipimo na kwa maarifa, na mlinzi apigapo kelele, kwanza tutazame mlangoni.